Seneti ya Marekani: kwa nini kura 55 kati ya 100 hazikutosha?

Mdadisi aliuliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu. Ninaomba msaada wa kuelewa jambo linalonitatiza kuhusu Bunge la Marekani. Tarehe 1 Julai 2025 Baraza la Seneti lilipitisha sheria kubwa ya kodi na matumizi baada ya maseneta kugawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais, JD Vance, akapiga kura ya kuvunja usawa huo. Baraza la Wawakilishi likaridhia kwa kura 218 dhidi ya 214, na tarehe 4 Julai Rais Trump akaitia saini. Tarehe 30 Septemba, Seneti ileile yenye watu walewale ilipigia kura mswada wa muda wa kuiruhusu serikali kuendelea kutumia fedha. Waliokubali walikuwa 55 na waliokataa walikuwa 45. Mswada ukahesabiwa kuwa umeanguka, na ilipofika saa sita usiku shughuli nyingi za serikali kuu zikasimama, zisirejee hadi zilipopita siku 43.

Kwa hiyo kura 50 na moja ya kuvunja usawa zilitosha kubadili kodi za nchi nzima, lakini kura 55 hazikutosha kulipa mishahara ya watumishi wa umma. Chama cha Republican kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, na urais pia kilikuwa nao. Katika nchi zenye waziri mkuu anayetokana na bunge, chama chenye nguvu kiasi hicho hakimbembelezi mtu. Je, ni Katiba ya Marekani inayodai kura 60? Na kama ndivyo, mwezi Julai ilikuwaje?

Kanuni alijibu:

Ndugu Mdadisi, Katiba haitaji kura 60 mahali popote. Ibara ya Kwanza, ambayo ndiyo inayoliunda Bunge, inaliachia kila baraza lijitungie kanuni za kuendesha shughuli zake, na kizingiti unachokisikia kimo katika Kanuni ya 22 ya Seneti. Kanuni hiyo inahusu kufunga mjadala. Mswada wenyewe, ukishafika kwenye kura ya mwisho, hupita kwa wingi wa kawaida. Taabu yote iko katika kuufikisha hapo.

Katika Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435, muda wa kuzungumza hupimwa kwa dakika, na walio wengi wakitaka kupiga kura hupiga. Katika Seneti, aliyepewa nafasi ya kusema hana kikomo, na njia ya kawaida ya kumkomesha ni maseneta 16 kutia saini ombi la kufunga mjadala, ombi hilo likisubiri hadi siku ya pili ya kikao inayofuata, kisha maseneta 60 wakalikubali. Hata wakilikubali, bado kanuni inaruhusu hadi saa 30 nyingine kabla ya kura ya mwisho. Zingatia pia kwamba hesabu hiyo ni tatu kwa tano ya maseneta wote walioapishwa, yaani sehemu tatu katika kila tano, wala si ya waliohudhuria. Seneta aliyelazwa hospitalini au aliyechelewa ndege anawafaa wapinzani wa mswada sawasawa na aliyesimama akasema hapana.

Mbinu hii ya kurefusha mjadala, inayoitwa filibasta, siku hizi haihitaji hata mtu kusimama na kuzungumza. Inatosha walio wachache waonyeshe kwamba hawatatoa kura za kufunga mjadala. Na kwa kuwa kila mtu anajua mwisho wa utaratibu huo, viongozi wa vyama viwili mara nyingi hukubaliana mapema kwamba mswada upigiwe kura mara moja kwa sharti la kupata 60, ili siku zisipotee bure. Hapo ndipo taarifa ya habari inaposema kwamba mswada umeshindwa ilhali waliouunga mkono ndio wengi.

Sasa Julai. Sheria ya Bajeti ya mwaka 1974 ilifungua njia ya pembeni iitwayo upatanisho wa bajeti. Mabaraza yote mawili yakishapitisha azimio la bajeti, kamati zinaweza kuagizwa ziandae mswada wa kuyaoanisha mapato, matumizi yaliyowekwa na sheria za kudumu, na kikomo cha deni la taifa, na azimio hilo. Mjadala wa mswada wa aina hiyo katika Seneti umewekewa saa 20. Mjadala wenye kikomo hauhitaji kufungwa na mtu, kwa hiyo kura 60 hazina kazi. Zinatosha 51, au 50 pamoja na ya Makamu wa Rais. Warepublikan waliitumia njia hii mwaka 2017 kupunguza kodi, na Wademokrat wakaitumia mwaka 2021 na tena mwaka 2022.

Njia hiyo ina walinzi wakali. Kanuni ya Byrd, iliyopewa jina la Robert Byrd aliyekuwa seneta wa West Virginia, inamruhusu seneta yeyote kupinga kifungu ambacho hakigusi mapato wala matumizi, au kinachoyagusa kwa bahati tu ilhali lengo lake ni sera nyingine. Mshauri wa kanuni wa Seneti hutoa maoni kama pingamizi lina msingi. Mwezi Februari 2021 mshauri huyo alisema kwamba kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa hakiwezi kuingizwa katika mswada wa upatanisho, na Wademokrat, ambao ndio waliokuwa wakiongoza, wakakiacha. Aidha, upatanisho haukuundwa kwa ajili ya miswada 12 ya matumizi inayotakiwa kupitishwa kila mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba, ambayo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Miswada hiyo, na ile ya muda inayoshika nafasi yake inapochelewa, hupita mlango mkuu, na mlango mkuu una bawabu anayedai 60.

Mpekuzi alijibu:

Maelezo ya ndugu Kanuni ni sahihi, ila yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba Seneti ndiyo kaburi la miswada. Filibasta inasikika kwa sababu ina kura, na kura hutangazwa. Katika kila Bunge la miaka miwili miswada zaidi ya 10,000 huwasilishwa, na inayokuwa sheria ni mia chache tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hufa bila kura yoyote, ndani ya kamati ambako mwenyekiti hakuona haja ya kuipangia siku. Mwenyekiti hutoka chama chenye wingi na halazimiki kueleza sababu kwa yeyote.

Ukivuka kamati katika Baraza la Wawakilishi, unakutana na Kamati ya Kanuni, ambayo huamua mswada utajadiliwa kwa muda gani na ni marekebisho yapi yataruhusiwa. Spika ndiye anayewachagua wajumbe wa chama chake katika kamati hiyo, kwa hiyo ni kama mkono wake. Mfano unaonikaa kichwani ni wa mwaka 2013. Tarehe 27 Juni mwaka huo Seneti ilipitisha mageuzi makubwa ya sheria za uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32, kiwango ambacho kingeivuka filibasta bila shida. Spika John Boehner hakuufikisha mswada huo ukumbini kupigiwa kura. Wengi waliamini kwamba ungepata kura za kutosha kama Wademokrat wote wangeungana na sehemu ya Warepublikan, lakini viongozi wa chama chake walishikilia desturi ya kutopeleka ukumbini jambo ambalo wengi wa wajumbe wao wenyewe hawalitaki. Bunge hilo lilipomaliza muda wake mwanzoni mwa 2015, mswada ukafa nalo, kwa sababu mswada usiokamilika haurithiwi na Bunge linalofuata.

Dawa ipo, nayo ni ombi la kuuondoa mswada mikononi mwa kamati, linalohitaji saini 218. Kwa kawaida hushindikana, maana mjumbe wa chama tawala anayetia saini anamdhalilisha Spika wake hadharani. Mwaka 2025 lilifanikiwa kwa namna iliyowashangaza wengi. Thomas Massie, Mrepublikan wa Kentucky, na Ro Khanna, Mdemokrat wa California, walitaka nyaraka za kesi ya Jeffrey Epstein zitolewe. Saini zilikwama kwenye 217. Adelita Grijalva alikuwa ameshinda uchaguzi mdogo wa Arizona tarehe 23 Septemba na alikuwa ameahidi kutia saini, lakini Baraza halikuwa linaketi na Spika Mike Johnson hakumwapisha hadi tarehe 12 Novemba. Alipoapishwa alitia saini, ikawa 218. Tarehe 18 Novemba mswada uleule uliozuiwa kwa miezi ulipita kwa kura 427 dhidi ya 1. Ndugu Mdadisi, ukiitazama namba hiyo ya mwisho utaelewa kwamba katika Baraza la Wawakilishi jambo gumu ni kufika ukumbini. Kura yenyewe inaweza kuwa rahisi kuliko yote.

Mdadisi aliandika:

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili yaliyozaliwa na majibu yenu. Kwanza, ikiwa kizingiti cha 60 ni kanuni tu ambayo Seneti ilijitungia, kwa nini walio wengi wasiifute asubuhi moja na mambo yakaisha? Pili, Rais yuko wapi katika haya yote? Bunge likishindwa kupitisha fedha, hawezi kulivunja na kuitisha uchaguzi?

Kumbukumbu alijibu:

Nitalishika swali la kwanza, kwa sababu historia yake ina mengi ya kujifunza.

Hakuna aliyekaa chini akabuni filibasta. Seneti ya mwanzo ilikuwa na hoja ya kufunga mjadala kwa wingi wa kawaida, lakini ilipopanga upya kanuni zake mwaka 1806 iliiacha hoja hiyo kwa kuwa ilikuwa haitumiki sana. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya watu kutambua kwamba mlango ulioachwa wazi unaweza kutumika. Mwaka 1917 kundi dogo la maseneta lilizuia mpango wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara, hasira ikapanda, na Seneti ikatunga kanuni ya kufunga mjadala kwa theluthi mbili. Mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi 60. Jambo lililobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja kimyakimya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Mike Mansfield, kiongozi wa walio wengi, alipoanzisha utaratibu wa kushughulikia mambo mawili sambamba, ili mswada uliozuiwa usiifanye Seneti yote isimame. Nia ilikuwa njema. Lakini kabla ya hapo, anayezuia alilazimika kusimama na kuzungumza hadi miguu imwishie nguvu. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 dhidi ya sheria ya haki za kiraia. Gharama hiyo ilipoondolewa, kuzuia kukawa jambo la kila wiki.

Na tusisahau nani aliyeumizwa zaidi na chombo hiki. Kwa miongo mingi kilikuwa ngao ya maseneta wa majimbo ya Kusini dhidi ya sheria za kuwalinda Wamarekani weusi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipita tu baada ya mjadala ulioanza mwezi Machi kufungwa tarehe 10 Juni kwa kura 71 dhidi ya 29. Siku hiyo Clair Engle, seneta wa California, aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Uvimbe wa ubongo ulikuwa umemnyang'anya uwezo wa kusema, na jina lake lilipoitwa alinyoosha kidole kwenye jicho lake. Kwa Kiingereza neno la jicho na neno la kukubali hutamkwa sawa, na kura yake ikahesabiwa.

Kuhusu kuifuta: inawezekana, na sehemu yake imekwisha kufutwa. Mwaka 2013 Wademokrat chini ya Harry Reid waliondoa kizingiti cha 60 kwa uteuzi wa maofisa wa serikali na majaji, isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 Warepublikan chini ya Mitch McConnell wakaondoa na hicho cha Mahakama ya Juu, ili Neil Gorsuch apite. Njia ni ileile kila mara: walio wengi huamua kwa kura ya kawaida kwamba kanuni sasa itafsiriwe vingine. Kwa miswada hawajathubutu, na sababu si adabu. Kila seneta mwenye umri wa kutosha humle ndani amewahi kukaa upande wa walio wachache na anatarajia kurudi huko. Mwishoni mwa Oktoba 2025, serikali ikiwa bado imefungwa, Rais Trump aliwataka hadharani maseneta wa chama chake waifute filibasta. John Thune, kiongozi wao, alikataa. Miaka mitatu na ushee kabla, ni Wademokrat waliotaka kuilegeza kwa ajili ya sheria za upigaji kura, na wenzao wawili, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, ndio waliogoma.

Raia Mwema alijibu:

Swali la pili lina jibu fupi: hawezi. Rais wa Marekani hana mamlaka ya kulivunja Bunge, na Bunge halina kura ya kutokuwa na imani inayoweza kumwangusha kwa sababu ya sera zake. Bunge lina njia moja ya kumwondoa, nayo ni Baraza la Wawakilishi kumshtaki kwa wingi wa kawaida na Seneti kumtia hatiani kwa theluthi mbili, na hadi leo hakuna Rais aliyetiwa hatiani kwa njia hiyo. Andrew Johnson aliponea kwa kura moja mwaka 1868. Hata mawaziri hawatoki bungeni: Marco Rubio alipokubali kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwezi Januari 2025 alilazimika kukiacha kiti chake cha Seneti cha Florida.

Matokeo yake ni kwamba bajeti ikikwama hakuna anayepoteza kazi kwa kukwama huko. Penye waziri mkuu, serikali iliyoshindwa kupitisha bajeti huwa imekwisha. Marekani pande zote hubaki vitini zikitazamana, na anayesimama ni mtumishi. Katiba inasema fedha hazitoki hazina ila kwa mujibu wa sheria. Lakini kwa muda mrefu idara ziliendelea na kazi wakati wa mapengo ya bajeti, hadi Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa maoni mwaka 1980 na 1981 kwamba sheria haiziruhusu kufanya hivyo, isipokuwa kwa kazi za kulinda uhai na mali na nyingine chache. Kufungwa kwa serikali jinsi tunavyokujua leo kulianzia hapo. Mishahara ya wabunge wenyewe, nitaje tu, iliendelea kulipwa siku zote 43.

Nguvu ya Rais katika kutunga sheria ni kura ya turufu. Ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili, za kutia saini au kurudisha mswada, na kuishinda turufu yake kunahitaji theluthi mbili za kila baraza. Hilo hutokea kwa nadra. Tarehe 1 Januari 2021 Seneti ilikamilisha kuishinda turufu ya Trump juu ya sheria ya ulinzi kwa kura 81 dhidi ya 13, na hiyo ilikuwa turufu pekee aliyoshindwa katika muhula wake wa kwanza.

Ningependa pia tusiwachukulie maseneta 41, ambao wanatosha kuzuia kura 60 zisipatikane, kuwa ndio wachache wa nchi. California yenye watu zaidi ya milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofikisha watu 600,000 ina wawili vilevile, kufuatana na maafikiano ya Julai 1787 yaliyoyapa majimbo usawa katika baraza moja na idadi ya watu uzito katika jingine. Wanaozuia wanaweza kuwa wamechaguliwa na watu wachache sana, au wakawa ndio wanaowakilisha watu wengi zaidi. Idadi ya vichwa ukumbini haitakuambia ni lipi.

Kanuni alijibu:

Niongeze jambo moja kwa ndugu Mdadisi, kwa kuwa alianza na kura ya Septemba. Seneti ilirudia kuupigia kura mswada uleule zaidi ya mara kumi mwezi Oktoba na ukaanguka kila mara. Tarehe 9 Novemba hoja ya kufunga mjadala ilipata kura 60 dhidi ya 40, bila hata moja ya ziada. Warepublikan waliokubali walikuwa 52, kama siku ya kwanza, kwa sababu Rand Paul wa Kentucky alikataa safari zote mbili. Upande wa pili waliokubali siku ya kwanza walikuwa watatu, na Novemba wakawa wanane. Tofauti kati ya serikali iliyofungwa na iliyofunguliwa ilikuwa watu watano, na Warepublikan walizilipia kura hizo tano kwa kuwarudisha kazini watumishi walioachishwa wakati serikali imefungwa na kwa kuahidi kura ya Desemba juu ya ruzuku za bima ya afya. Sheria iliyopatikana ilitoa fedha za mwaka mzima kupitia miswada mitatu tu kati ya ile 12. Idara nyingine zilipewa hadi tarehe 30 Januari 2026, na miswada tisa iliyobaki ilirudi kusubiri kura 60 zilezile.